Lugha, Jamii na Utambuzi wa Kasoro ya Uzingativu kwa Watoto

Maradhi mengi yana ushahidi usiotegemea maoni ya mtu. Daktari anayeshuku malaria hutazama damu kwa darubini, na kijidudu ama kipo ama hakipo. Anayeshuku kuvunjika kwa mfupa hupiga picha, na ufa ama waonekana ama hauonekani. Walakini yapo maradhi mengine ambayo hayana kijidudu wala ufa. Dalili zake ni mwenendo wa mgonjwa, na mwenendo huo aghalabu hauonwi kwanza na daktari, bali na mzazi na mwalimu, ambao humweleza daktari kwa maneno. Miongoni mwa maradhi ya namna hiyo ni ile hali ya watoto ambayo madaktari wa leo huiita kasoro ya upungufu wa uzingativu na harakati za kupita kiasi, na ambayo ulimwenguni yajulikana zaidi kwa herufi nne za Kiingereza, ADHD. Mtoto mwenye kasoro hii hushindwa kuweka akili yake juu ya jambo moja kwa muda unaolingana na umri wake. Husahau, hupoteza vitu, hukurupuka kabla ya kufikiri, na pengine mwili wake hautulii hata kidogo.

Kwa kuwa ushahidi huo hupita katika vinywa vya watu kabla haujamfikia daktari, mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba jamii yenyewe hushiriki katika utambuzi, maana ndiyo iamuayo mtoto akae kimya kwa saa ngapi, mwenendo upi uitwe utundu na upi uitwe ugonjwa, na nani apelekwe hospitali. La pili ni kwamba lugha ya jamii hiyo huwa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Makala haya yaeleza mambo hayo mawili, kwanza kwa historia ya kasoro hii katika Ulaya na Marekani, ambako ndiko ilikopewa majina na kanuni, kisha kwa kutazama Kiswahili, ambacho sasa chatakiwa kuzibeba kanuni hizo.

Majina yaliyopita

Mwaka 1798 Alexander Crichton, daktari wa Scotland, alitoa kitabu juu ya maradhi ya akili, na ndani yake aliweka sura juu ya uzingativu. Alieleza watu, wengine tangu kuzaliwa, wasioweza kushika jambo moja kwa sababu kila kinachopita huwavuta, hata masomo yao ya utotoni yakaharibika. Katika miaka ya 1840 Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alitunga kitabu cha mashairi na picha kwa ajili ya watoto, na katika kitabu hicho yumo Philipp, mvulana asiyetulia mezani, ambaye mwishowe huanguka na kuvuta kitambaa cha meza pamoja na chakula chote. Waandishi hawa wote wawili walikuwa madaktari; lakini wa kwanza alimtia mtu wa namna hii katika kitabu cha tiba, na wa pili alimtia katika kitabu cha adabu.

Mwaka 1902 George Still alitoa mihadhara mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London. Alieleza watoto wenye akili timamu, wavulana wakizidi wasichana, ambao hawakuweza kujizuia wala kuzingatia, na hali yao aliiita upungufu wa uwezo wa kujitawala kimaadili. Jina hilo lafaa kutazamwa vizuri: lilitamkwa na mganga, lakini neno lake kuu ni la mwalimu wa dini. Haukupita muda mrefu, ikaja ile homa ya ubongo ya usingizi iliyoenea ulimwenguni kuanzia mwaka 1917 hadi miaka ya 1920. Watoto wengi waliopona waliachwa na mwenendo wa kukurupuka na kutotulia, na hapo madaktari walianza kusadiki kwamba mwenendo huo waweza kutokana na jeraha la ubongo. Fikira hiyo ilikua hata mtoto asiyetulia akadhaniwa kuwa na jeraha dogo la ubongo, ijapokuwa jeraha lenyewe halikuonekana. Mapema katika miaka ya 1960 wataalamu walikubaliana kwamba haifai kudai kuwapo kwa jeraha kwa kuangalia mwenendo peke yake; basi neno jeraha likaondolewa, na mahali pake likawekwa neno lenye maana ya utendaji mbaya kidogo wa ubongo.

Wakati huo dawa ilikwisha kupatikana. Mwaka 1937 Charles Bradley, aliyekuwa akitibu watoto katika hospitali moja ya Rhode Island, aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, iliyo jamii ya amfetamini, akaona kwamba 14 kati yao walibadilika sana katika kazi ya shule. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba ya Uswisi alitengeneza methilfenideti, ambayo ilipewa jina la biashara Ritalin kwa kufuata jina la mkewe. Kwa hiyo dawa ilitangulia jina la sasa la ugonjwa kwa miaka mingi.

Majina yaliyofuata yalitolewa na Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani katika mwongozo wake wa maradhi. Mwaka 1968 hali hii iliitwa mwitiko wa harakati nyingi wa utotoni. Neno mwitiko lilitokana na fikira za siku zile kwamba ugonjwa wa akili ni jibu la nafsi kwa mambo yaliyoipata. Mwaka 1972 Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, alionyesha kwamba shida ya watoto hawa si wingi wa harakati tu, bali pia udhaifu wa kudumisha uzingativu na kujizuia. Mwaka 1980 mwongozo ulifuata njia hiyo, ukaiita kasoro ya upungufu wa uzingativu, pamoja na harakati nyingi au bila harakati hizo. Mwaka 1987 harakati zilirudishwa ndani ya jina. Mwaka 1994 ziliwekwa namna tatu za kasoro moja. Na mwaka 2013 umri ambao dalili lazima ziwe zimekwisha kuonekana ulitolewa miaka 7 ukapelekwa miaka 12.

Kila jina katika orodha hiyo lilikuwa na watu wake. Jina la mwaka 1968 lilimtafuta mtoto arukaye na kukimbia. Jina la mwaka 1980 lilimfungulia mlango mtoto wa pili, ambaye hukaa kimya nyuma ya darasa, macho yake yakitazama dirishani. Na aghalabu mtoto huyo ni msichana. Siku moja kabla ya jina kubadilika mtoto huyu hakuwa mgonjwa kwa hesabu ya mwongozo, na siku iliyofuata aliweza kuhesabiwa.

Kadhalika nchi hazikutumia jina moja. Orodha ya kumi ya maradhi ya Shirika la Afya Ulimwenguni, ambayo Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ziliitumia kwa miaka mingi, ilitaka mtoto aonyeshe mambo yote matatu kwa pamoja, yaani ukosefu wa uzingativu, harakati nyingi na kukurupuka. Mwongozo wa Marekani waridhika na kundi moja la dalili. Si ajabu, basi, kwamba kanuni ya kwanza ilipata wagonjwa wachache kuliko ya pili, hata watoto waliopimwa wangekuwa wale wale. Orodha ya kumi na moja, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imelikaribia jina la Marekani. Ufaransa nayo ilikuwa na desturi yake, iliyoathiriwa sana na uchambuzi wa nafsi, ya kutafuta kwanza chanzo cha kutotulia katika maisha ya mtoto na nyumba yake. Na kwa muda mrefu dawa ilitolewa kwa masharti makali kuliko Marekani.

Shule na mwezi wa kuzaliwa

Kasoro hii haionekani sana mahali ambapo hapana sharti la kukaa kitako. Mtoto achungaye mbuzi au avuaye samaki pamoja na wakubwa wake huweza kuhama kutoka jambo moja hadi jingine bila ya mtu kumhesabia kosa. Shule ndiyo iliyoleta sharti hilo kwa watoto wote, kwa saa maalumu, juu ya kiti maalumu. Mwaka 1975 Peter Conrad, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alieleza kwa makala mashuhuri jinsi mwenendo uliokuwa ukihesabiwa ukaidi ulivyogeuzwa kuwa jambo la tiba, na alitaja miongoni mwa sababu kupatikana kwa dawa na juhudi za watu waliotaka hali hiyo itambuliwe. Mwaka 1991 Wizara ya Elimu ya Marekani ilieleza kwamba mtoto mwenye kasoro hii aweza kustahili msaada maalumu shuleni. Msaada huo ulikuwa wa haki. Lakini ulimaanisha pia kwamba mzazi aliyetaka msaada alihitaji kwanza cheti cha daktari.

Hesabu za serikali ya Marekani zaonyesha mwendo uliofuata. Mwaka 2003 wazazi wa watoto asilimia 7.8 wenye umri wa miaka 4 hadi 17 walisema kwamba watoto wao walikwisha kuambiwa na mganga kuwa wana kasoro hii. Mwaka 2007 walikuwa asilimia 9.5, na mwaka 2011 asilimia 11. Tena hesabu hazikulingana katika nchi hiyo moja: mwaka 2007 zilikuwa asilimia 5.6 katika jimbo la Nevada na asilimia 15.6 katika jimbo la North Carolina. Ni vigumu kusadiki kwamba bongo za watoto hubadilika kiasi hicho kwa kuvuka mipaka ya majimbo. Stephen Hinshaw na Richard Scheffler, katika kitabu chao cha mwaka 2014, walionyesha kwamba sera za elimu ni sehemu ya jibu: mahali ambapo shule zilianza kutuzwa au kuadhibiwa kwa matokeo ya mitihani, utambuzi wa kasoro hii uliongezeka, hasa kwa watoto wa maskini.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ni ule wa mwezi wa kuzaliwa. Katika majimbo mengi ya Marekani mtoto hupokewa shuleni ikiwa ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo aliyezaliwa mwezi wa Agosti huwa mdogo kabisa darasani, na aliyezaliwa Septemba huwa mkubwa kabisa, nao wapishana karibu mwaka mzima. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu watoto waliotambuliwa kuwa na kasoro hii katika majimbo hayo: kwa kila watoto 10,000 waliozaliwa Agosti walikuwa 85, na kwa kila 10,000 waliozaliwa Septemba walikuwa 64, yaani wa kwanza waliwazidi wa pili kwa kiasi cha theluthi moja. Katika majimbo yasiyo na tarehe hiyo tofauti haikuonekana. Huko British Columbia, nchini Kanada, ambako mpaka ni mwisho wa Desemba, uchunguzi wa mwaka 2012 juu ya watoto zaidi ya 900,000 ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano wa kutambuliwa uliozidi ule wa wenzao wa Januari kwa asilimia 30, na wasichana kwa asilimia 70.

Maana yake ni nini? Mwalimu hulinganisha mtoto na watoto wenzake wa darasa moja, wala halinganishi na watoto wa umri ule ule. Utoto wa mtoto wa miaka mitano ulipowekwa kando ya utulivu wa mtoto wa miaka sita ulionekana kuwa upungufu. Baadhi ya watoto hao walipewa jina la ugonjwa, na baadhi yao vidonge, kwa sababu ya kalenda.

Jicho la mtazamaji

Mwaka 1992 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa njia nyepesi na yenye mafunzo mengi. Madaktari na wataalamu wa afya ya akili kutoka China, Indonesia, Japani na Marekani walionyeshwa picha za sinema za wavulana wanne wa umri wa miaka minane, kisha waliombwa kutoa alama za harakati na fujo. Watoto walikuwa wale wale na kipimo kilikuwa kimoja. Lakini wataalamu wa China na Indonesia walitoa alama kubwa kuliko wenzao wa Japani na Marekani. Kila mmoja alikuja na kadiri yake ya utulivu impasao mtoto, na kadiri hiyo aliipata nyumbani kwao kabla hajaingia chuo cha tiba.

Jicho la jamii huweza pia kutomwona mtoto anayehitaji msaada. Uchunguzi wa mwaka 2013, uliofuata watoto wa Marekani tangu chekechea hadi darasa la nane, ulionyesha kwamba watoto weusi walikuwa na uwezekano wa kutambuliwa uliopungua kwa asilimia 69 kuliko watoto weupe, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 50, hata baada ya kuzingatia tofauti za mwenendo na hali za maisha. Mtoto mweupe asiyetulia alipelekwa kwa daktari; mwenziwe mweusi, kwa mwenendo uo huo, alikosa tiba.

Hata hivyo atakosea msomaji atakayehitimisha kwamba kasoro hii ni uzushi mtupu. Uchunguzi wa mapacha katika nchi kadhaa waonyesha kwamba tofauti za watu katika jambo hili zatokana na urithi kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya chunguzi 102 kutoka pande zote za dunia, wakapata wastani wa asilimia 5.3 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti baina ya nchi na nchi ilitokana na kanuni zilizotumika kupimia. Katika Kinshasa, ambako walimu waliulizwa juu ya wanafunzi zaidi ya 1,000, matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalikuwa asilimia 6. Mjini Kampala, uchunguzi wa watoto waliougua malaria ya ubongo ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili kiasi cha mtoto mmoja katika wanne alikuwa na upungufu wa akili, na upungufu huo ulikuwa hasa katika uzingativu. Kasoro ipo, basi, nayo yaumiza. Iamuliwayo na jamii ni mahali pa kuchora mpaka. Urefu wa watu ni jambo la kweli, lakini hakuna mahali penyewe katika maumbile paliposemwa kwamba mfupi huanzia hapa.

Maneno ya Kiswahili na kipimo cha daktari

Mwongozo wa Marekani una dalili 18, tisa za uzingativu na tisa za harakati na kukurupuka. Mtoto hutakiwa kuwa na sita katika kundi mojawapo, kwa muda wa miezi sita au zaidi, katika mahali zaidi ya pamoja, na ziwe zimemletea madhara. Dalili hizo zimeandikwa kwa namna moja: karibu kila moja huanza na neno lenye maana ya mara nyingi. Neno hilo dogo ndilo lichukualo mzigo wote, maana hapana mtoto asiyesahau wala asiyeinuka kitini.

Kulitia neno hilo katika Kiswahili si kazi rahisi kama ionekanavyo. Kiswahili kina kiambishi hu-, kielezacho mazoea bila ya kutaja kadiri. Mfasiri aandikaye «husahau vitu vyake» amesema kweli juu ya kila mtoto. Akiongeza «mara nyingi», msomaji wa dodoso huweza kulihesabu kuwa mkazo tu wa mazoea yaliyokwisha kutajwa. Tena «mara nyingi» kwa kulinganisha na nani? Mama mwenye watoto saba ana kipimo chake. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja ana kingine.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi kusikia. Mojawapo ya dalili husema kwamba mtoto huonekana kama hasikilizi aambiwapo jambo moja kwa moja. Katika Kiswahili «mtoto huyu hasikii» ina maana tatu: masikio yake ni mabovu, au hana habari na linalosemwa, au hatii. Na katika mazungumzo ya nyumbani maana ya tatu ndiyo ya kwanza kufikiwa. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Uzingativu na utii, ambavyo mwongozo wa daktari wavitenga mbali hata kuweka ukaidi chini ya jina la ugonjwa mwingine, katika Kiswahili hunywa kisima kimoja. Basi mama aulizwapo kama mwanawe husikia, na akajibu kwamba hasikii kabisa, daktari ataandika alama ya upungufu wa uzingativu, ilhali mama alikuwa akishtaki ukaidi. Zaidi ya hayo, mtoto aliyelelewa kwa adabu ya pwani huinamisha macho asemeshwapo na mkubwa wake; mgeni asiyejua desturi hiyo huweza kuidhania kuwa ni kutosikiliza.

Neno makini, ambalo waandishi wengi wa leo hulitumia kutafsiri jina la kasoro hii, nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake wabeba maana ya uthabiti. Kwa Waswahili mtu makini ni mtulivu, mwenye kufikiri na mwenye heshima. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana upungufu wa umakini ni kumwambia, kwa masikio yake yeye, kwamba mtoto huyo hana utulivu wala staha. Neno uzingativu, ijapokuwa ni zito kidogo mdomoni, latokana na kuzingatia, yaani kulizungusha jambo akilini, nalo halikubeba lawama hiyo. Ndiyo sababu limetumika katika makala haya.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina utajiri wa maneno ya mwenendo ambao mwongozo hauna. Mtundu ni mtoto achokozaye na kugusa kila kitu. Lakini fundi stadi na mbunifu naye husifiwa kwa utundu wake, kwa hiyo katika neno hilo mna lawama na sifa pamoja. Mtukutu hatulii, wala hasifiwi. Machachari ni mwenye vishindo na pilikapilika. Mwenye mapepe hana kituo, akili yake yaruka kama jani. Mwenye kiherehere hujitia katika jambo kabla ya kuitwa. Aliyezubaa yupo kwa mwili tu. Maneno haya sita hayalingani. Mtu akiyapanga ataona kwamba mapepe na kuzubaa vyakaribia kundi la kwanza la dalili. Utukutu na machachari vyakaribia harakati. Kiherehere chakaribia kukurupuka. Na utundu waweza kuwa nje ya ugonjwa kabisa. Dodoso lililoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo lingeweza kuwauliza wazazi kwa maneno hayo, nao wangejibu bila ya kubabaika.

Yafaa pia kutazama sarufi. Kiswahili husema «mtoto huyu ni mtukutu», lakini husema «mtoto huyu ana homa». Kwa ni mtoto hutajwa kwa tabia yake, na tabia hudhaniwa kutokana na malezi. Ndipo huletwa ile methali isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mama akabebeshwa kosa. Kwa ana mtoto hutajwa kwa kitu kilichompata, ambacho si yeye mwenyewe, wala mamaye hakumpa kwa uzembe. Utambuzi wa daktari, ukitazamwa kwa jicho la mwanalugha, ni kumhamisha mtoto kutoka katika ni kumpeleka katika ana. Uhamisho huo ni faraja kubwa kwa mtoto aliyezoea kuchapwa kwa jambo asiloliweza. Lakini ukifanywa ovyo humpa ugonjwa mtoto ambaye upungufu wake ni miezi kumi na mmoja ya umri, na jina hilo huweza kudumu kuliko utoto wenyewe.

Hatari mbili

Afrika Mashariki, basi, imezungukwa na hatari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile ya kutomwona mgonjwa. Mahali ambapo daktari wa akili wa watoto ni adimu na fimbo ingali ikitumika, mtoto mwenye kasoro ya kweli huitwa mkaidi, huadhibiwa, hurudia darasa, na mwishowe huacha shule. Aliyeachwa na malaria ya ubongo huweza kuadhibiwa kwa sababu ya jeraha. Msichana azubaaye, kwa kuwa hasumbui mtu, hapati hata adhabu. Husemwa tu kwamba hana akili.

Hatari ya pili ni kuchukua kipimo cha ugenini kikiwa kizima na kukitumia mahali kisipofaa. Dalili moja huuliza kama mtoto hupoteza kalamu na vitabu. Itajibiwaje kwa mtoto ambaye kitabu husomwa na watoto watano? Nyingine huuliza kama huinuka kitini pake. Itajibiwaje pale ambapo wanne hubanana juu ya dawati moja? Nyingine huuliza kama hutoa jibu kabla ya swali kwisha. Na katika darasa ambalo wanafunzi wote huitikia kwa pamoja, anayekurupuka hasikiki, wala aliyezubaa hajulikani. Alama zitokazo katika darasa la namna hiyo hupima darasa kabla ya kumpima mtoto.

Kazi ya wanalugha

Tafsiri ya madodoso ya tiba hufanywa zaidi kwa njia ya kufasiri na kurudisha: mtu mmoja hutia maneno katika Kiswahili, wa pili huyarudisha katika Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Njia hiyo hugundua makosa ya wazi, lakini haiwezi kugundua kosa la kusikia, kwa kuwa «hasikii» hurudi katika Kiingereza bila ya dosari yoyote. Kosa hilo hugunduliwa kwa kumwuliza mzazi aliyekwisha jibu: «Ulipokwambia kwamba hasikii, ulikuwa ukifikiria jambo gani? Toa mfano.» Majibu ya swali hilo, yakikusanywa Lamu, Tanga, Dodoma, Kisumu na Lubumbashi, yangeonyesha pia kwamba Kiswahili cha mwenendo wa watoto si kimoja, na kwamba neno lililo jepesi mahali pamoja ni tusi mahali pengine.

Kwa hiyo yafaa mambo manne yafanywe kabla ya kipimo chochote kutumiwa katika shule za Kiswahili. Maneno yenye mizizi ya kusikia na kutii yatengwe kwa maswali mawili mbalimbali. Neno mara nyingi lipewe kipimo cha kulinganisha, yaani kuliko watoto wengine wa umri wake anaowajua mzazi. Mwezi na mwaka wa kuzaliwa viandikwe juu ya kila dodoso, na mwalimu aambiwe sababu yake. Na maswali yanayodai kiti, kitabu na kalamu yawekwe kwa mambo ambayo kila mtoto anayo, kama vile kutumwa dukani akasahau alichotumwa, kuacha maji yakifurika kisimani, au kushindwa kungoja zamu yake katika mchezo.

Daktari ndiye atakayeamua kama mtoto ana kasoro au hana. Lakini hataweza kuamua vema kuliko maneno aliyoletewa, na maneno hayo yapo katika mamlaka ya wanalugha kuyachunguza, kuyachagua na kuyasahihisha, kabla mtoto hajaletwa mbele ya daktari.